Malkia Taytu na Nyumba ya Chini ya Kanisa

  Leo nataka tushuke ngazi pamoja, mimi na wewe. Usiogope giza.

Tuko Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Uhabeshi. Karibu na ikulu ya zamani pana monasteri iitwayo Ba'eta le Mariam, jina linalokumbusha siku ambayo Maria alipelekwa hekaluni angali mtoto. Kanisa lake lina kuba kubwa, na juu ya kuba pamewekwa taji la kifalme. Simba wa mawe wanalinda ngazi za nje. Ukiingia, macho hupanda juu kutazama michoro ya ukutani. Lakini jambo kubwa la kanisa hili liko chini ya miguu. Sakafuni pana mlango. Ukifunuliwa, unaona ngazi zikishuka hadi chumba cha chini, na humo chumbani mna makaburi ya marumaru. Yumo Mfalme Mkuu Menelik wa Pili. Kando yake yumo mkewe, Malkia Taytu Betul. Yumo pia Malkia Zewditu, binti ya Menelik kwa mama mwingine.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Mimi mwenyewe sijafika Addis Ababa. Mbali nilikofika ni Mombasa, tena kwa ajili ya michezo ya shule. Haya nimeyapata kwa kusoma na kuuliza walimu. Na kilichonifanya nitafute habari za makaburi ya watu wa mbali ni kaburi moja la nyumbani kwetu, upande wa Kyuso. Ngoja nieleze.

Mwaka jana susu alifariki. Kwa wasiojua Kikamba, susu ni nyanya. Huyu hakumzaa baba yangu. Alikuwa mke wa pili wa babu na hakujaliwa mtoto, lakini ndiye aliyemlea baba na ndugu zake mama yao alipofariki mapema. Babu alikuwa amekwisha kutangulia. Basi susu alipokata roho, badala ya watu kulia, walianza kubishana. Baadhi ya baba zangu wakubwa walishikilia kwamba mwanamke asiye na mtoto hawezi kulazwa kando ya babu, mahali pa mama yao. Wengine walitaka arudishwe kwao alikozaliwa. Mwili ulikaa mochari, gharama zikapanda kila siku, na wazee wa ukoo wakawa wanakunywa chai yetu bila kukata shauri. Mimi nilikuwa kwenye likizo. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji kwa ajili ya wageni, na kusikiliza.

Shule ilipofunguliwa tukasoma habari za vita vya Adwa. Menelik tulimsikia sana. Lakini mwalimu akasema jambo kidogo tu kuhusu mkewe, kwamba alitia mkono katika ushindi ule, kisha kengele ikalia. Mimi nikabaki na swali. Huyu mama alikuwa nani, na mwisho wake ulikuwaje? Nilipopata jibu, nilishangaa jinsi nyumba ya mfalme ilivyofanana na nyumba yetu.

Taytu alizaliwa yapata mwaka 1851 katika ukoo mkubwa wa kaskazini mwa Ethiopia, upande wa Semien na Gondar. Enzi hizo wanawake wengi hawakufundishwa kusoma, lakini yeye alijua kusoma na kuandika Kiamhari. Alipiga kinubi na kucheza sataranji. Maisha yake ya ujana hayakuwa mteremko, kwani aliolewa mara kadhaa na ndoa zile hazikudumu. Mwaka 1883, wakati wa Pasaka, akaolewa na Menelik kanisani huko Ankober. Wakati ule Menelik alikuwa mfalme wa Shewa, bado hajawa mfalme wa Ethiopia nzima. Naye Taytu alikuwa mwanamke wa zaidi ya miaka 30, mwenye akili zake na jamaa wenye majeshi. Hawakujaliwa kupata mtoto pamoja. Neno hilo, msomaji, liweke akilini. Litarudi.

Makao ya Menelik yalikuwa juu ya milima ya Entoto, mahali penye baridi kali na upepo. Chini yake palikuwa na bonde lenye chemchemi za maji moto ziitwazo Filwoha. Taytu alipenda kushuka huko kuoga. Mwaka 1886 akajenga nyumba bondeni, wakuu wengine wakamfuata, na mji ukaanza kuota. Yeye ndiye aliyeupa jina la Addis Ababa, yaani ua jipya. Leo mji ule una mamilioni ya watu, na ndio makao makuu ya Umoja wa Afrika. Marais wanapokutana huko, wanakutana katika mji uliopewa jina na mama aliyependa maji ya moto. Hata hoteli kongwe kabisa ya mji ule inaitwa kwa jina lake hadi leo, ingawa moto uliiunguza sehemu yake mwaka 2015.

Mwaka 1889 Mfalme Mkuu Yohannes wa Nne aliuawa vitani, na Menelik akashika nafasi yake. Alitawazwa mwezi wa Novemba katika kanisa la Maria huko Entoto, na siku mbili baadaye Taytu akavikwa taji la malkia. Akapewa sifa ya kuitwa Mwanga wa Ethiopia. Kumbe taji lenyewe lilikuja wakati wa dhiki. Miaka hiyo ugonjwa wa sotoka ulikuwa umefagia ng'ombe wa Ethiopia, na njaa ikaua watu wengi mno. Ugonjwa huohuo ndio ulioshuka hadi huku kwetu na kumaliza mifugo ya babu zetu.

Kulikuwa na balaa lingine lililovaa kofia na kushika kalamu. Mnamo Mei 1889 Menelik alitia sahihi mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili. Katika kifungu cha 17, maandishi ya Kiamhari yalisema kwamba Ethiopia yaweza kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa ya Ulaya ikipenda. Maandishi ya Kiitalia yakasema ni lazima! Kwa neno hilo moja Italia ikaitangazia dunia kwamba Ethiopia iko chini yake. Sisi wanachama wa chama cha lugha tusipuuze somo hili. Tafsiri mbaya yaweza kuuza nchi. Taytu alikuwa miongoni mwa waliosimama imara kabisa barazani kuukataa ujanja huo. Wako wakuu waliotaka kusuluhisha polepole, lakini yeye hakutaka kusikia habari ya kutoa hata kipande cha nchi. Mwaka 1893 Menelik akauvunja mkataba.

Vita vikaja. Taytu hakubaki nyumbani kusubiri habari. Alifunga safari ya kaskazini pamoja na mumewe, akiwa na askari wake mwenyewe chini ya amri yake. Mnamo Januari 1896 walifika Mekelle, ambako Waitalia walikuwa wamejichimbia ndani ya ngome imara. Mashambulizi yakaleta vifo vingi bila faida. Hapo ndipo Taytu alipotia akili yake. Chemchemi iliyowapa Waitalia maji ilikuwa nje ya ukuta. Akashauri ikamatwe, na askari wakaishika na kuilinda usiku na mchana. Sisi watu wa Mwingi hatuhitaji kuelezewa kilichofuata. Nani kati yetu hajapanga foleni ya mitungi kwenye kisima cha mchangani mwa mto Tyaa wakati wa kiangazi, akaona watu wazima wakigombana kwa ajili ya debe moja? Bunduki na mizinga haizimi kiu. Baada ya siku kadhaa Waitalia wakasalimu amri. Menelik akawaachilia waondoke na silaha zao, jambo lililowashangaza wengi.

Tarehe 1 Machi 1896 majeshi mawili yakakutana Adwa. Waitalia na askari wao wapatao 17,000 walikabiliwa na Waethiopia wapatao 100,000. Kabla ya jioni jeshi la Italia lilikuwa limevunjika vipandevipande. Taytu alikuwepo uwanjani, akiwatia moyo askari wake, na wanawake aliokuja nao wakipita na mitungi ya maji kuwanywesha wapiganaji na majeruhi. Angalia basi: Mekelle aliwanyima maadui maji, Adwa akawapa watu wake maji. Mnamo Oktoba mwaka huohuo Italia ikakubali kwa maandishi kwamba Ethiopia ni nchi huru.

Ningependa hadithi iishie hapo kwa vigelegele, lakini maisha si hivyo. Mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Menelik alianza kuugua kiharusi, na kufikia mwaka 1909 hakuwa tena na nguvu ya kutawala. Akamtaja mjukuu wake, Lij Iyasu, kuwa mrithi. Mambo ya serikali yakawa mikononi mwa Taytu. Yeye ndiye aliyeteua na kuondoa maofisa. Wakuu wa Shewa wakaanza kunung'unika kwamba anawapendelea ndugu zake wa kaskazini. Sitamtetea kwa kila jambo. Ni kweli kwamba aliwapa jamaa zake vyeo na wake, hata binti ya Menelik, Zewditu, aliolewa na Gugsa Welle, mtoto wa kaka yake Taytu. Lakini jiulize, mwanamke asiye na mtoto katika nyumba ya mfalme angejikinga kwa nani, kama si kwa ndugu zake? Hapo ndipo lile neno nililokuambia uliweke akilini linaporudi.

Mwezi wa Machi 1910 wakuu wakamwondolea mamlaka yote. Akaamriwa ajishughulishe na jambo moja tu, yaani kumwuguza mumewe. Akamwuguza kwa zaidi ya miaka 3. Wale waliokuwa wakimwinamia sasa walipita wakitazama pembeni. Menelik alifariki tarehe 12 Desemba 1913, na hata kifo chake kilifichwa. Mshindi wa Adwa alizikwa kimyakimya, bila tangazo wala maombolezo ya hadhara, katika kanisa lililo ndani ya uwanja wa ikulu. Wakubwa waliogopa kwamba taifa lingetikisika likisikia. Naye Taytu, mjane sasa, akaondolewa ikulu na kupelekwa juu Entoto, kwenye baridi ileile aliyoikimbia ujanani. Kutoka huko mlimani alikuwa akiutazama chini mji alioupa jina. Nilipofika hapo katika kusoma nilifunga daftari. Nilimkumbuka susu akiwa amekaa peke yake mlangoni, baada ya matanga ya babu, wakati watu walipoacha kuja kumsalimu.

Gurudumu likageuka tena. Lij Iyasu alipinduliwa mnamo Septemba 1916, na wakuu wakamchagua Zewditu kuwa malkia mtawala. Alitawazwa tarehe 11 Februari 1917, mwanamke wa kwanza kutawala Ethiopia kwa jina lake mwenyewe katika enzi hizi mpya. Hata hivyo walimwekea masharti. Ilibidi atengane na mumewe, yule Gugsa mpwa wa Taytu, ili ukoo wa Taytu usirudi tena kwenye kiti. Kwa hivyo mama wa kambo na mwana wa kambo wote wawili walijua uchungu wa kupangiwa maisha na wazee.

Mwishoni mwa mwaka 1917 Taytu aliomba ruhusa ya kwenda Gondar, akamalizie siku zake huko kwao kaskazini. Alikataliwa. Miezi 3 baadaye, tarehe 11 Februari 1918, akafariki Entoto. Tarehe hiyo, kama uliona, ni mwaka mmoja kamili tangu Zewditu avikwe taji.

Sasa ndio turudi kwenye zile ngazi. Kazi ambayo Zewditu aliitia moyo wake ilikuwa kumjengea baba yake kanisa la heshima, ili aliyezikwa kwa siri apate kulala mahali panapojulikana. Ndilo hili kanisa la monasteri ya Ba'eta le Mariam, lililokamilika mwishoni mwa miaka ya 1920. Menelik akahamishiwa humo. Na Taytu je, yule aliyefukuzwa ikulu, asiyekuwa na mtoto wa kumdai? Naye yumo chini ya sakafu hiyohiyo, kando ya mumewe, katika nyumba iliyojengwa na binti asiyemzaa. Wahenga hawakukosea waliposema kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Zewditu mwenyewe hakukawia kuwafuata. Gugsa Welle aliinua jeshi dhidi ya Ras Tafari, mrithi wa kiti, akauawa vitani tarehe 31 Machi 1930. Siku 2 baadaye Zewditu akafariki. Akashushwa ngazi zile, akalazwa na baba yake na mama yake wa kambo. Wengine pia wamelazwa humo. Yumo Abuna Matewos, mkuu wa kanisa aliyemvika Menelik taji, na yumo Tsehai, binti ya Haile Selassie aliyesomea uuguzi Uingereza akafariki kijana mwaka 1942. Hata Haile Selassie mwenyewe aliwahi kuwa mgeni wa monasteri hiyo. Alifariki mwaka 1975 mikononi mwa waliompindua, na mifupa yake ikafukuliwa ikulu mwaka 1992. Ilitunzwa hapo hadi Novemba 2000, ilipozikwa katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Kwa hivyo familia hii imejua vizuri maana ya kuzikwa vibaya na kungoja kuzikwa vyema.

Nilipomaliza kusoma, nilifurahi kwanza. Nikaona haki imetendeka, kwani Taytu alipata mahali pake. Lakini usiku, taa za bweni zikiwa zimezimwa, furaha ile ikapungua. Mbona yeye aliomba kwenda Gondar? Huenda alitamani kufia kwao, na huenda hata kaburi alilitaka huko. Alipewa heshima kubwa, lakini heshima si lazima iwe ndiyo haja ya mtu. Waliomkataza walikuwa wakifikiria siasa, na sisi wasomaji tunafikiria hadithi iishe vizuri. Mama mwenyewe alikuwa na lake.

Tena nikakumbuka kwetu. Mabishano yetu yaliishaje? Yalimalizwa na shangazi, binti ya mke mkubwa, yaani mtu ambaye angekuwa na sababu ya kupinga. Alisimama mbele ya wazee akawahesabia miaka ambayo susu alitembea hadi mtoni kabla ya jogoo kuwika ili wao waende shule wakiwa wameoga. Hakuna aliyepata la kujibu. Susu akazikwa kando ya babu, mimi nikateka maji ya kukorogea saruji. Sote tuliona shangazi ameshinda, na mimi nilimpenda zaidi siku hiyo.

Lakini katika wiki zile 2 za kelele, waliosema mkebe apelekwe kwao na waliosema alale nyumbani, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba aliwahi kumwuliza susu mwenyewe alipokuwa hai. Hata shangazi. Hata mimi, niliyelala nyumbani mwake kila likizo na kula uji wake. Kwetu ni mwiko kumwuliza mzee habari za kaburi lake, eti ni kumwita mauti. Basi tulinyamaza kwa heshima, kisha tukapigana kwa kukosa jibu.

Ndugu msomaji, sikwambii uende nyumbani ukawatishe wazee. Lakini likizo ijayo kaa na nyanya yako, mchambulie maharagwe, mpe nafasi azungumze. Mwulize alizaliwa wapi, alikuja vipi katika mji wenu, na anapenda wapi zaidi. Atakuambia hata lile usilouliza. Uliandike. Taytu alisema waziwazi akakataliwa, na susu hakuulizwa kabisa. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo tunaloweza kulirekebisha, wewe na mimi, bila kuwa wafalme.



Wenu, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu.